Pesa za ukame hazihesabu mizoga

Ukame ukiua ng'ombe ishirini wa familia moja kule Turkana, Marsabit au Wajir, kaskazini mwa Kenya, hakuna afisa wa serikali atakayekuja na daftari kuhesabu mizoga ili alipe. Chui akila mbuzi, hiyo ni habari nyingine: Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina njia yake ya fidia, na hapo mzoga pamoja na ripoti kwa KWS, shirika la wanyamapori, ndio ushahidi. Ukame una mlango wake. Pesa zake hufuata kipimo cha majani kinachosomwa na setilaiti, na mlango huo hufunguliwa kwa majina yaliyoandikwa miezi au miaka kabla ya mnyama wa kwanza kuanguka. Wafugaji wengi hulijua hili wakiwa tayari wamepiga picha za mizoga kwa simu na kumpelekea chifu. Chifu hana la kuzifanyia.

Haya tunayaandikia vijana wanaosaidia wazazi wao kufuatilia malipo, wanakamati wa vijiji, na watu wa mjini wanaopigiwa simu na ndugu walioko malishoni wakiulizwa, "Zile pesa zimefika?" Tumeandikisha kaya, tumesimama kwenye foleni za mawakala na tumesoma taarifa za ukame za kila mwezi kwa muda wa kutosha kujua mahali pesa zinapokwama. Karibu kila mara zinakwama kwenye kitu kidogo ambacho kingerekebishwa wakati wa mvua.

Kwanza tofautisha mifuko. Inua Jamii ni ya wazee wa miaka 70 na zaidi, mayatima na watoto wengine walio hatarini, na wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi, na haina uhusiano na mvua kunyesha au kukosa. HSNP, mpango wa pesa za kukinga njaa unaosimamiwa na mamlaka ya ukame, NDMA, ina pande mbili: malipo ya kawaida kwa kaya maskini zaidi, na malipo ya dharura kwa kaya nyingine ukame unapozidi. Kisha kuna bima ya mifugo, ambayo hutazama mnyama zaidi ya kumtazama mwenye mnyama. Mtu anayesema "pesa za serikali" bila kutaja ni zipi atazungushwa ofisi tatu kwa siku moja. Kabla ya kwenda popote, muulize alipewa kadi gani, ya mpango gani, na mara ya mwisho alipopokea kilikuwa kiasi gani. Kiasi peke yake mara nyingi hutoa jibu: 2,700 au 5,400 ni HSNP, 2,000 au 4,000 ni Inua Jamii.

HSNP ilikua sana kuanzia 2013, katika kaunti nne za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Wakati huo karibu kila kaya ya kaunti hizo iliandikishwa, tajiri kwa maskini, na wengi wakafunguliwa akaunti za benki hata kama hawakuwa kwenye orodha ya kulipwa kila wakati. Kaya 100,000 ziliwekwa kwenye malipo ya kawaida, ambayo yalifika shilingi 5,400 kila miezi miwili. Zilizobaki zilipangwa nyuma yao kwa hali ya maisha, zikingoja ukame. Baadaye mpango ukapanuliwa hadi Garissa, Isiolo, Samburu na Tana River.

Sasa kipimo chenyewe. Huitwa VCI, na kila taarifa ya mwezi ya NDMA huichapisha kwa kila kaunti ndogo, kwa namba na kwa rangi. Inalinganisha majani ya sasa na majani ya mahali hapohapo, mwezi huohuo, katika miaka iliyopita. Chukua mwezi wa Machi katika kaunti ndogo moja. Tuseme kijani kinachoonwa na setilaiti, Machi mbaya kuliko zote kwenye rekodi, kilisoma 0.12 na Machi nzuri kuliko zote kilisoma 0.42. Machi ya mwaka huu kimesoma 0.17. Toa 0.12, unabaki na 0.05. Tofauti kati ya mbaya na nzuri ni 0.30. Gawanya 0.05 kwa 0.30, zidisha kwa 100, unapata karibu 17. Zaidi ya 50 ni hali nzuri, 35 hadi 50 ni ya kawaida, 20 hadi 35 ni ukame wa wastani, 10 hadi 20 ni ukame mkali, na chini ya 10 ni ukame uliopindukia. Kaunti ndogo yetu ya 17 iko kwenye ukame mkali.

Hesabu hiyo inaeleza ugomvi mmoja mkubwa wa barazani. Mtu wa North Horr, huko Marsabit, anatazama jangwa lake, anasikia watu wa Moyale, kaunti hiyohiyo, wamelipwa, na anaona ameonewa, kwa sababu kwake ni pakavu kuliko kwao. Lakini kipimo hakishindanishi North Horr na Moyale. Kinaishindanisha North Horr na North Horr ya miaka mingine. Mahali ambapo ni vumbi kila Machi hapahesabiwi kuwa na ukame kwa sababu tu pana vumbi. Ukilieleza hili kwa kuchora mistari miwili mchangani, mmoja wa mwaka mbaya na mwingine wa mwaka mzuri, kisha ukaweka kijiti cha mwaka huu katikati, watu wanaelewa kwa dakika mbili. Ukilieleza kwa maneno ya setilaiti, mkutano unaharibika.

Kanuni ya malipo ya dharura iliwekwa hivi: wastani wa miezi mitatu ukishuka kati ya 10 na 20, malipo yanapanuliwa hadi kufikia nusu ya kaya za eneo hilo. Ukishuka chini ya 10, yanafikia robo tatu. Hesabu hiyo inajumuisha wale wa kawaida. Kila kaya ya dharura hupata shilingi 2,700 kwa mwezi, kwa kila mwezi hali inapodumu hivyo. Robo moja ya juu, yaani wale walioonekana na uwezo siku ya kuandikishwa, haifikiwi hata ukame uwe wa namna gani. Hapa ndipo maumivu yalipo. Familia iliyoandikishwa ikiwa na ngamia arobaini inabaki tajiri kwenye orodha hata kama ngamia wote wamekwisha. Orodha haijui kwamba wamekufa mpaka irudiwe, na kuirudia huchukua muda mrefu. Kwa hiyo tangazo la kuandikisha upya likitoka, usimwache mtu abaki nje kwa sababu "walishatuandika zamani". Mtoto aliyeoa na kujenga boma lake baada ya uandikishaji hayupo kabisa kwenye orodha, hata kama baba yake yupo.

Angalia pia neno wastani. Kwa kuwa kipimo huchukua miezi mitatu, kinachelewa kuanza na kinachelewa kuisha. Mwezi wa kwanza wa ukame unaweza kuwa mbaya sana na namba bado ikasoma 24, kwa sababu miezi miwili ya nyuma bado inaibeba. Vilevile mvua ikirudi, malipo yanaweza kuendelea kidogo majani yakiwa yameota. Na kipimo kufika si sawa na pesa kufika. Lazima ziwepo kwenye mfuko na zitolewe na hazina. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa Kenya. Anayepanga maisha yake kwa tarehe aliyoahidiwa ataumia. Panga kwa ujumbe wa simu unaosema pesa zimeingia.

Bima ya mifugo, iliyoitwa KLIP, ilianzishwa na serikali mwaka 2015 ikianzia Wajir na Turkana. Ilijengwa juu ya jaribio lililofanywa Marsabit tangu 2010 na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI na washirika wake. Serikali ililipa ada yote ya bima kwa kaya zilizochaguliwa, hadi uniti 5 za mifugo kwa kaya. Uniti si mnyama. Ng'ombe mmoja ni uniti 1, ngamia ni 1.4, mbuzi au kondoo ni 0.1. Mwenye ngamia wawili, ng'ombe mmoja na mbuzi kumi na wawili anafika 5 kamili: 2.8, jumlisha 1, jumlisha 1.2. Kila uniti ilikatiwa bima ya shilingi 14,000 kwa mwaka, kwa hiyo kilele kilikuwa 70,000. Watu walipoisikia hiyo 14,000 walilalamika kwamba hainunui ng'ombe. Ni kweli hainunui, wala haikukusudiwa kununua. Bima ya kwanza ya Marsabit ilikuwa ya kufidia mnyama aliyekufa. Ikabadilishwa ili ilipe mapema, mvua inaposhindwa, mwenye mnyama anunue chakula, maji na dawa akiwa bado na mnyama wa kulisha. Kwa maoni yetu hilo ndilo badiliko bora kuliko yote yaliyofanywa katika misaada ya ukame kaskazini. Shilingi 10,000 mnyama akiwa bado anasimama ni kubwa kuliko 30,000 akishaanguka.

Hapa pia kipimo ni majani ya setilaiti: malipo huanza msimu unapokuwa mbaya kuliko misimu minne kati ya mitano ya eneo hilo, na hupanda kadiri unavyozidi kuwa mbaya. Kilele hulipwa kwa msiba mkubwa tu. Februari 2017 kaya zaidi ya 12,000 katika kaunti sita zililipwa zaidi ya shilingi milioni 200 kwa jumla. Ukigawanya, wastani ni kama elfu kumi na saba kwa kaya, mbali sana na 70,000. Anayewaandikisha watu kwa kuwatajia 70,000 anawaandalia hasira. Taja wastani, kisha taja kilele, kwa mpangilio huo. Siku hizi bima hii iko chini ya mpango wa DRIVE wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2022, ambamo mfugaji naye huchangia sehemu ya ada. Madirisha ya kujiunga ni kabla ya mvua: Januari na Februari kwa mvua ndefu, Agosti na Septemba kwa mvua fupi. Mvua ikishaanza, au ikishaanza kushindwa, dirisha limefungwa.

Kipimo kinakosea wapi? Mahali pa kwanza ni mathenge. Mti huu hubaki wa kijani kiangazi kizima, na setilaiti haijui kwamba ng'ombe hali majani yake. Eneo la kando ya mto lililojaa mathenge linaweza kusomeka salama huku nyasi zikiwa zimekwisha. Pa pili ni ukubwa wa eneo. Namba moja inabeba mlima na bonde pamoja, na mlima ukiwa na ukungu na majani, bonde linafichwa. Pa tatu ni uhamiaji. Unalipwa kwa eneo ulilojiandikishia, hata kama mifugo iko kilomita mia mbili kutoka hapo. Usikubali kuandikishwa kwa wadi ya mjini kwa sababu tu siku hiyo ulikuwa mjini. Taja wadi ya malisho yako ya mvua, na usome karatasi, au usomewe, kabla ya kuweka kidole.

Makosa ya karatasi ndiyo mengi zaidi, na haya yote yanarekebishika. Jina kwenye orodha lina herufi moja tofauti na kitambulisho: Hassan na Hasan, Ekiru na Ekeru. Namba ya kitambulisho imegeuzwa tarakimu mbili. Laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mpwa aliyeinunua, kwa hiyo pesa za M-Pesa zinarudi zilikotoka. Akaunti haikuguswa muda mrefu ikalala. Baba aliyeandikishwa amefariki na familia inaendelea kutumia kadi yake kimyakimya, mpaka siku kidole kinapohitajika. Dawa ni moja: wakati wa mvua, mambo yakiwa shwari, chukua kitambulisho, kadi na simu, uviweke pamoja mezani. Linganisha jina herufi kwa herufi na namba tarakimu kwa tarakimu. Piga namba ya kuangalia usajili wa laini. Weka au toa shilingi kidogo kwenye akaunti ili iamke. Kwa aliyefariki, anza mapema: barua ya naibu wa chifu, cheti cha kifo, na kitambulisho cha mrithi, vipelekwe pamoja kwa afisa wa mpango. Kimoja kikikosekana faili inakaa. Na kila kaya iwe na mpokeaji wa pili aliyeandikwa rasmi, kwa sababu mwenye kadi huenda yuko malishoni na mifugo siku pesa zinapoingia.

Siku ya kwa wakala ina mambo yake. Mama aliyevuta kamba ya kisima maisha yake yote ana kidole kilichosuguka, mistari imekwisha, na mashine inamkataa mara moja, mara mbili, mara tatu, huku foleni ikinung'unika nyuma yake. Kuna linalosaidia: aoshe mikono kwa maji ya vuguvugu na sabuni, aikaushe, apake mafuta kidogo sana kisha ayafute, halafu abonyeze kidole bila kukikandamiza. Kikikataa, ajaribu kidole kingine kilichosajiliwa. Kwa sababu hiyo, siku ya kusajiliwa asikubali kutoa kidole kimoja tu kama mashine inaruhusu vingi. Tatizo la pili ni wakala kuishiwa pesa taslimu. Duka dogo la kijijini haliwezi kulipa watu mia mbili kwa siku moja. Wanakamati wapange vijiji kwa siku, wakubaliane na wakala kabla. Watu wasitembee kilomita thelathini na jua lile kwenda kulala nje ya duka.

Risiti isiachwe. Ina kiasi kilichotolewa na salio, na ndiyo ushahidi pekee wakala akikata shilingi 100 au 200 asizostahili. Wakala analipwa kamisheni na benki, hapaswi kumdai mpokeaji. Kibaya zaidi ni kadi kuwekwa rehani kwa mwenye duka pamoja na namba ya siri, kwa deni la unga na sukari. Tunajua kwa nini inafanyika, kwani mwenye duka ndiye aliyewalisha watoto mwezi uliopita. Lakini kadi ikishakaa kwake, familia haijui tena ni kiasi gani kimeingia. Deni liandikwe kwenye daftari mbele ya shahidi, lilipwe kwa pesa taslimu siku ya malipo, na kadi ibaki kwa mwenyewe.

Pesa zikishafika, hesabu ya nyasi ianze siku hiyohiyo. Ng'ombe mmoja wa kilo 250 anahitaji kama kilo 5 za nyasi kavu kwa siku ili tu aendelee kuishi. Robota la kilo 15 linamtosha siku tatu. Siku tisini ni marobota 30. Tuseme robota ni shilingi 350 likifika kijijini: ni shilingi 10,500 kwa ng'ombe mmoja. Ongeza maji ya boza na dawa ya minyoo, utaona 14,000 ya bima ilitoka wapi. Utaona pia kwamba malipo ya elfu kumi na saba yananunua nyasi za ng'ombe mmoja na nusu tu. Kwa hiyo usitawanye nyasi kwa kundi zima. Chagua wa kubaki: jike wenye mimba, wenye ndama, na mitamba yenye nguvu. Wengine wauzwe. Robota lipimwe kwa mzani kabla ya kulipa, kwani mengi yanayopelekwa kwa lori ni ya kilo kumi kwa bei ya kumi na tano. Dawa ya minyoo itangulie, la sivyo unawalisha minyoo. Na zile tofali za kulamba zenye urea asipewe mnyama aliyekonda na mwenye tumbo tupu. Urea nyingi kwa mara moja inaua kwa saa chache, na tofali likinyeshewa na kuacha dimbwi, dimbwi hilo ni sumu.

Kuhusu kuuza, taarifa ya NDMA ina mstari mmoja unaostahili kusomwa kwa sauti barazani kila mwezi: mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi za mahindi. Mbuzi akiwa 4,000 na mahindi 80 kwa kilo, ni kilo 50. Mbuzi akishuka 2,400 na mahindi yakapanda 100, ni kilo 24. Mstari huo ukianza kushuka miezi miwili mfululizo, uza madume na wazee sasa, bila kungoja serikali itangaze kununua mifugo iliyodhoofika. Ununuzi huo huja na mgao kwa kila wadi, lori huchagua wanaoweza kupanda wenyewe, na mgao haumfikii kila mtu. Kama utaingia kwenye orodha hiyo, peleka mnyama alfajiri, umnyweshe njiani, na uwe na kitambulisho chenye jina lile lile lililoandikwa na kamati.

Jambo la mwisho linawashangaza hata wazoefu. Mbuzi wengi hufa mvua inaporudi. Wametoka ukameni bila mafuta mwilini, usiku wa kwanza wa mvua ya upepo unawapiga, na asubuhi kumi wamelala. Wakati huo setilaiti inaona kijani na hakuna malipo yanayokuja. Weka akiba ya marobota machache kwa wiki mbili za kwanza za mvua, funika upande wa upepo wa zizi kwa turubai au magunia kabla mawingu hayajakusanyika, na usiwaachie mbuzi majani mabichi asubuhi bila kuwapa nyasi kavu kidogo kwanza, kwa sababu majani ya mvua kwenye tumbo tupu huwaharisha na kuwamaliza.